Karatasi Moja Haiwezi Kuwa Hojaji na Ushahidi

Barua ya msomaji



Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Nina diploma ya usimamizi wa rasilimali watu, na huu ni mwaka wa tatu niko katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa kisiwani. Sote, kuanzia makarani wa hati hadi madereva na wapakuzi wa ghalani, hatufiki sitini.

Tangu mwaka jana watu wanaondoka mmoja mmoja, wengi wao vijana wa papa hapa. Mkurugenzi anasema vijana wa Mvita hawapendi kazi, wanapenda baraza na kahawa tu. Ameniagiza nifanye utafiti wa kujua sababu. Niandae hojaji, niandike juu yake kwamba haina majina, lakini kila karatasi niitie alama ndogo pembeni ili yeye ajue nani kaandika nini. Nimeshamzungusha vya kutosha, na sasa anaitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

La pili ni masomo. Nimeweka akiba nisome digrii. Kaka yangu anasema niendelee na rasilimali watu, ndiyo yenye ajira. Mwalimu wangu wa zamani anasema akili yangu ni ya saikolojia ya viwanda na mashirika. Nimesoma maelezo ya kozi zote mbili nikaona kama ni kitu kimoja chenye majina mawili. Tofauti yake ni nini hasa, na mimi nishike ipi?

Mwenye Shaka, Kibokoni

Jibu

Mwanangu,

Umeniletea maswali mawili, moja la ofisini na jingine la chuoni. Mimi nayaona ni swali moja. Hiyo alama ndogo unayotakiwa kuitia pembeni ya karatasi itakufunza tofauti ya fani hizi mbili kuliko kijitabu chochote cha chuo. Basi nitaanza nayo, na jibu langu nalitoa mapema: usiitie. Kumwandikia mtu kwamba hatajulikana, kisha ukamjua, ni hadaa, na hilo hukunihitaji mimi kukwambia. Nitakwambia jingine: hata kama hadaa isingekuwa dhambi, karatasi hiyo isingempa mkurugenzi wako ukweli anaoutafuta.

Mapatano na dhana

Usimamizi wa rasilimali watu ni kazi ya kulinda mapatano. Mtu anaajiriwa kwa masharti, analipwa kwa wakati, anapewa likizo, anaonywa akikosa, na siku ya kuondoka anaagwa kwa haki yake. Hapa Kenya mapatano hayo yameshikiliwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Inampa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena mtu wa kutwa, mkataba wake unageuka wa mshahara wa mwezi. Afisa anayevijua vifungu hivi humwepusha mwajiri na kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na humwepusha mfanyakazi na uonevu. Fani yenyewe ina sheria yake ya mwaka 2012, inayomtaka mtaalamu asajiliwe na Taasisi ya Usimamizi wa Rasilimali Watu, IHRM. Usiidharau hata kidogo.

Saikolojia ya kazi inaingilia mlango mwingine. Yenyewe huuliza kwanza: haya tunayoyaamini kuhusu watu kazini ni kweli, au ni mazoea tu tuliyoyarithi? Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 1913 kitabu chake kwa Kiingereza kuhusu saikolojia na ufanisi wa viwanda. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapima madereva wa tramu za Boston. Hakutaka kuwachagua kwa sura wala kwa barua za kusifiwa. Alibuni jaribio la kuonyesha nani anaiwahi kwa jicho hatari iliyo mbele yake.

Chukua mahojiano ya kazi, jambo unalolijua vizuri. Jopo linakaa, mmoja anauliza ukoo wa mtu, mwingine anauliza mpira, na mwisho anachukuliwa yule aliyewapendeza. Afisa wa rasilimali watu atahakikisha kazi ilitangazwa, hakuna aliyebaguliwa, na kumbukumbu zimeandikwa. Mwanasaikolojia atarudi baada ya mwaka kuuliza: wale waliong'aa mbele ya jopo, wamekuwa wafanyakazi bora kweli? Frank Schmidt na John Hunter walikusanya mwaka 1998 matokeo ya utafiti wa miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipiga upya hesabu za namna hiyo. Njia waliyoikuta juu kabisa ni mahojiano yaliyopangwa: kila mwombaji aulizwe maswali yale yale, yatokane na kazi yenyewe, na majibu yapewe alama kwa kipimo kilichowekwa mapema. Mahojiano ya kuzungumza tu bila mpango yako chini sana. Hapo unaona fani mbili zikilitazama tukio moja, kila moja ikiwa na swali lake.

Mtafiti ni kama mtia bildi jahazini: nahodha ndiye mwenye safari. Anayetia bildi kazi yake ni kusema maji yana pima ngapi. Akisema kumi ili kumfurahisha nahodha, kumbe ni mbili, chombo kitapwelewa na wote wawili wamo ndani.

Hukukosea kuona kozi zinafanana. Mada zao karibu zote ni moja: kuajiri, kufunza, kutia watu hamu ya kazi, uchovu, uongozi. Zinapoachana ni kwenye deni. Afisa wa rasilimali watu ana deni kwa mwajiri aliyemwajiri na kwa sheria ya nchi. Mtafiti ana deni jingine lisilolipika kwa mshahara, nalo ni kwa yule aliyefungua kinywa akamjibu. Mtu mmoja anaweza kuwa na madeni yote mawili. Asichoweza ni kuyalipa kwa karatasi moja. Karatasi ikiwa hojaji, haiwezi tena kuwa ushahidi dhidi ya aliyeijaza.

Kisiwa hiki kimeshaulizwa swali lako

Usidhani wewe ndiwe wa kwanza Mombasa kutumwa kuuliza kwa nini wafanyakazi hawatulii. Mnamo Julai na Agosti 1939 migomo ilipita kutoka kazi moja hadi nyingine mjini humu mpaka ikafika bandarini Kilindini. Serikali ya kikoloni iliunda tume chini ya H. C. Willan, na tume ikakuta malalamiko ya mishahara na makazi. Mwaka 1945 ikaja kamati ya Arthur Phillips kuchunguza msukosuko wa wafanyakazi wa Mombasa. Hiyo ilikwenda mbali zaidi, ikaitilia shaka kazi ya kutwa yenyewe, ile ya kumlipa mtu mzima kwa siku kana kwamba hana nyumba wala watoto wa kulisha mjini.

Ripoti zilikuwapo, basi. Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama. Takriban wafanyakazi 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Walikutana siku baada ya siku kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na humo ndimo chama chao, African Workers Federation, kilimozaliwa. Chege Kibachia ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wake anayekumbukwa zaidi. Mgomo ulichukua karibu wiki mbili. Baadaye baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likapandisha malipo ya wengi, na mwezi Agosti mwaka huo huo Kibachia akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo.

Yapime mambo mawili hapo. La kwanza, yale ambayo tume zilikuwa zikiyatafuta kwa mashahidi na majedwali, watu waliyasema waziwazi uwanjani, mahali ambapo umati ulimficha msemaji mmoja mmoja. Aliyesimama mbele peke yake ndiye aliyehamishwa. Wafanyakazi wa kisiwa hiki walilijua somo hilo kabla ya mkurugenzi wako kuzaliwa: sema ukiwa miongoni mwa wengi, ukijulikana peke yako utalipa.

La pili ni matumizi ya majibu. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu bandari ya Mombasa, anaeleza jinsi serikali na makampuni walivyoamua kwamba dawa ni mfanyakazi wa kudumu anayejulikana. Katikati ya miaka ya 1950 vibarua wa bandarini wakaandikishwa, na aliyeandikishwa akatakiwa aonekane kazini siku za kutosha, la sivyo jina lake lifutwe. Mapato yalitulia, na mtu aliweza kupanga maisha. Lakini ule uhuru wa kibarua wa kutojitokeza siku asiyotaka, ambao ndio uliokuwa nguvu yake kubwa, ukamtoka. Uchunguzi mmoja ulizaa mshahara bora, na ukazaa pia daftari la majina. Kwa hiyo kabla hujaandika swali la kwanza la hojaji yako, uliza majibu yatakwenda mikononi mwa nani na yatafanyiwa nini.

"Hawapendi kazi"

Sasa tuje kwenye dhana ya mkurugenzi. Nayo si mpya. Miaka ya 1940 waajiri wa kikoloni walikuwa na wimbo huo huo juu ya Mwafrika yeyote, wa pwani na wa bara. Mwaka 1947 Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilidhamini uchunguzi wa ufanisi wa wafanyakazi Waafrika wa reli mjini Nairobi. Aliyeuongoza, C. H. Northcott, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kama meneja wa wafanyakazi katika kiwanda cha chokoleti cha Rowntree, mjini York. Ripoti ilitoka London mwaka 1949. Ilibeba mawazo mengi ya zama zake ambayo leo hatuwezi kuyakubali. Hata hivyo, pale tu waliposema "tupime", walilazimika kutazama chakula cha watu, afya zao, walivyofunzwa na walivyosimamiwa. Dhana ya uvivu haikuweza tena kusimama peke yake. Na tazama, kazi hiyo iliongozwa na mtu wa usimamizi wa wafanyakazi akishirikiana na watafiti. Fani zako mbili zimeshawahi kukaa kwenye meza moja.

Wanasaikolojia wanalijua kosa la mkurugenzi wako. Lee Ross aliandika juu yake mwaka 1977: tukimwona mtu ameteleza, twakimbilia kulaumu tabia yake na kuisahau sakafu iliyolowa. Sisemi kwamba hakuna kijana mvivu Mombasa. Nasema kwamba "wavivu" ni jibu lililotangulia swali.

Utafiti mzuri kuliko wote niujuao juu ya kabila na kazi katika nchi hii ulifanywa kwenye shamba la maua ya kuuza nje. Jonas Hjort aliuchapisha mwaka 2014. Wafanyakazi walikuwa katika timu za watatu: mmoja anagawa maua ya waridi, wawili wanayapanga na kuyafunga. Timu zilipangwa bila kuangalia kabila. Hjort alikuta mgawaji akimpunguzia maua mwenzake wa kabila jingine, hata pale ambapo kufanya hivyo kulipunguza malipo yake mwenyewe. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 ubaguzi huo ukazidi. Kampuni ilipobadili malipo, wapangaji wawili wakawa wanalipwa kwa jumla ya kazi yao wote wawili, upendeleo kati ya hao wawili ukapoteza faida, na kazi ya timu zilizochanganyika ikapanda. Mioyo haikuhubiriwa. Kilichobadilika ni hesabu ya malipo.

Nimekueleza haya kwa sababu mkurugenzi wako anautazama ukoo wa wanaoondoka. Wewe tazama mpangilio wa kazi. Nani anamgawia nani zamu? Nani anapewa faili zenye marupurupu? Anayepandishwa cheo ni wa wapi, na vigezo vimeandikwa popote? Tazama pia dunia iliyo nje ya lango lenu. Kampuni za forodha za Mombasa zimeyumbishwa sana tangu mwaka 2018, treni za mizigo za reli mpya, SGR, zilipoanza kupeleka makontena moja kwa moja hadi Embakasi. Kazi nyingi za kutoa mizigo zilifuata makontena Nairobi, na watu wengi kisiwani walilalama kwa hilo. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli hizo zirudi bandari ya Mombasa. Kijana aliyeona kazi ya jirani yake ikihamishwa na kurudishwa kwa tangazo ana haki ya kutafuta kibarua kisichotegemea tangazo. Huyo si mvivu wa barazani.

Namna ya kuuliza

Anza na usichohitaji kumuuliza mtu yeyote. Faili za walioondoka ziko kabatini mwako. Andika tarehe aliyoajiriwa na aliyoondoka, kitengo, msimamizi, mshahara wa mwanzo na wa mwisho, likizo aliyoomba na aliyopewa. Ukikuta wengi walikuwa chini ya msimamizi mmoja, au wengi waliondoka mkataba wa kwanza ulipokwisha, umepata nusu ya jibu. Hiyo ni kazi ya rasilimali watu iliyofanywa kwa jicho la utafiti.

Kisha watafute walioondoka. Wao hawana cha kuogopa, na wengine unakutana nao Marikiti au kwenye feri ya Likoni. Lakini usiwahoji wewe. Wewe ndiwe uliyewaandikia barua za mwisho. Atafutwe mtu wa nje, kwa mfano mhadhiri au mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani, awahoji na akuletee muhtasari usio na majina. Ikiwa atataka kuchapisha matokeo au kuyatumia kwa tasnifu, atahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kwa mujibu wa sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013. Hilo litamlazimisha kuwa mwangalifu, na wewe litakulinda.

Hojaji kwa waliopo ije mwisho, na iwe fupi. Iandike kwa Kiswahili ambacho mpakuzi wa ghalani anakizungumza, usitafsiri neno kwa neno karatasi ya Kiingereza uliyoipata mahali. Uliza mambo yanayoonekana: "Mwezi uliopita, mara ngapi ulibaki kazini baada ya saa zako bila malipo?" Swali la "Je, umeridhika na kazi?" litakuletea "alhamdulillahi" kwa wote, na hujajua kitu.

Jihadhari na watu wachache. Katika kampuni ya watu sitini, mtu hufichuliwa na majibu yake bila hata alama. Ukiuliza umri, jinsia na kitengo kwa pamoja, na dereva wa kike ni mmoja tu, umeshamtaja. Chagua kimoja tu, au usiulize chochote katika hivyo. Kundi lisilofika watu watano lisitolewe matokeo yake peke yake. Sanduku la kurudishia liwekwe mahali ambapo hakuna anayehesabu nani amepita.

Na matokeo yarudi kwa watu. Siku mkurugenzi atakaposomewa muhtasari, wafanyakazi nao wabandikiwe ukurasa mmoja ukutani: haya mlituambia, hili tutalibadili, hili hatuwezi kwa sasa na sababu ni hii. Hojaji isiyorudi na jibu huwafunza watu kunyamaza safari ijayo.

Alama ingefanya nini

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 1996 uchunguzi wake juu ya makosa ya dawa katika timu za wauguzi hospitalini. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Hesabu zikamwonyesha kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochunguza zaidi akaona kwamba huenda hawakukosea zaidi, ila walikuwa hawaogopi kusema wamekosea. Kwa wenye hofu, kumbukumbu zilikuwa safi na hatari ilikuwa palepale.

Karatasi zako zenye alama zingekuwa safi hivyo hivyo. Ofisi ya watu sitini haina siri. Mmoja angeiona alama pembeni, na kabla ya adhuhuri habari ingefika ghalani. Kila mtu angeandika kwamba mshahara unatosha na mkurugenzi ni baba yetu. Yeye angezisoma, aridhike, na vijana wangeendelea kuondoka. Jina lako wewe lingekuwa limeharibika, na katika ofisi ya wafanyakazi jina ndilo mtaji. Nani angekuletea tena malalamiko ya kudhalilishwa, au kukwambia kwamba msimamizi anachukua hongo? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwenye kampuni ndiye angesikia mshindo huo mwishoni.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kusudi gani, na zisigeuzwe kwa kusudi jingine. Kumwambia hajulikani, kisha kumtambua kwa siri, ni kumpa mwanasheria wake kesi iliyokwisha kupikwa.

Basi nenda kwa mkurugenzi, na usiende na hotuba ya maadili. Yeye ni mfanyabiashara, mwambie kwa lugha ya hasara. Mwambie: "Bwana Mkurugenzi, nataka tujue kwa nini tunapoteza watu tuliowafunza kwa pesa zetu. Nikitia alama, watajua, wataandika uongo, na tutakuwa tumelipia uongo. Nipe ruhusa nianze na faili, nitakuletea jedwali. Baada ya hapo tumpe mtu wa nje awahoji walioondoka." Mpelekee barua pepe baadaye yenye maneno hayo hayo, kwa upole, ili pawe na kumbukumbu. Akishikilia alama, mwambie utaifanya kazi ya faili kikamilifu lakini hojaji ya namna hiyo hutaiwekea jina lako. Si rahisi kusema hivyo ukiwa na mshahara wa kulinda, nalijua hilo. Lakini kwa kawaida bosi akishaona jedwali linalomtaja msimamizi mmoja mara nyingi, hamu ya kujua nani kaandika nini humpungua mwenyewe.

Na masomo?

Kaka yako na mwalimu wako wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa upande wake. Tangazo la kazi la "afisa wa rasilimali watu" utaliona Mombasa mara kwa mara: bandarini, mahotelini, hospitalini, serikali ya kaunti. Tangazo la "mwanasaikolojia wa mashirika" utalitafuta sana. Kazi yake ipo, lakini imejificha ndani ya ushauri wa makampuni, mafunzo, upimaji wa waombaji kazi na miradi ya utafiti, na mara nyingi hupewa mwenye shahada ya pili. Tena Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 yenye bodi yake. Atakaye kujiita mwanasaikolojia na kutoza watu ada ajue kuna usajili unaomhusu.

Lakini isome upya barua yako. Masomo umeyaandikia sentensi chache tu. Alama ya pembeni ndiyo iliyokukosesha raha, na ulijua ni kosa hata kabla ya kujua sheria inasemaje. Swali la kama jibu ni la kweli linakukera kuliko swali la kama fomu imejazwa. Mwalimu wako ameliona hilo.

Ushauri wangu ni huu. Digrii ya kwanza fanya ya rasilimali watu, kwa kuwa diploma yako inaweza kukupunguzia muda wa masomo, na usajili wa IHRM utakupa kauli ofisini ambayo leo huna. Humo ndani yashike masomo matatu ambayo wengi huyakimbia: mbinu za utafiti, takwimu, na saikolojia ya kazi kama inafundishwa. Kabla hujalipa ada, uliza chuo ni nani anafundisha takwimu, na kama wanafunzi huchambua data wenyewe au hukariri tu. Shahada ya pili ndiyo uichukue katika saikolojia ya viwanda na mashirika, na utafiti wako uwe juu ya kazi za forodha za mji huu, kwa idhini zote na bila alama pembeni. Ukifika hapo utakuwa mtu adimu: anayejua mkataba unasemaje na anayejua namna ya kuthibitisha kama unafanya kazi. Kampuni za kisiwani zitakuhitaji, hata zile ambazo bado hazina jina la cheo chako.

Mshauri